Arthur Eichengrün: Mkemia aliyefutwa katika historia ya aspirini

TEMBE ndogo nyeupe iitwayo aspirini imekuwa mikononi mwa wanadamu kwa zaidi ya karne moja. Huuzwa katika maduka ya dawa ya miji mikubwa na katika vibanda vya vijijini, na wengi huimeza bila kujiuliza ilitoka wapi wala ni nani aliyethubutu kuijaribu kabla ya wengine.

Swali hilo ndilo lililomshughulisha Arthur Eichengrün, mkemia wa Kijerumani, hadi mwaka wake wa mwisho duniani.

Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaandika mwenyewe, mnamo 1941 kulikuwa na kabati la kioo katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich, na ndani yake mlionyeshwa fuwele nyeupe za aspirini. Maandishi yaliyoambatishwa yaliwataja wavumbuzi wa dawa hiyo kuwa Dreser na Hoffmann. Jina la Eichengrün halikuwemo.

Mlangoni mwa jumba hilo hilo, alieleza, palikuwa na tangazo lililowakataza watu wasio wa asili ya Kiarya kuingia. Eichengrün alikuwa Myahudi. Hivyo basi, mbali na kunyimwa sifa, hakuruhusiwa hata kuingia kutazama jinsi alivyonyimwa.

Mwana wa mfanyabiashara wa nguo

Arthur Eichengrün alizaliwa Agosti 13, 1867, mjini Aachen, magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa Myahudi aliyejishughulisha na utengenezaji na uuzaji wa vitambaa.

Mnamo 1885 alianza kusomea kemia katika mji huo wa kwao, kisha akaendelea na masomo Berlin, na hatimaye akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Erlangen mwaka wa 1890. Baadaye alifanya kazi mjini Geneva, Uswisi, akiwa msaidizi wa Carl Graebe, mmoja wa wanakemia waliosifika sana wakati huo.

Kilikuwa kipindi cha neema kwa wanakemia. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimetajirika kwa kutengeneza rangi za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe, na sasa vilikuwa vimetambua kwamba maarifa hayo hayo yangeweza kutumika kutengeneza dawa.

Mojawapo ya viwanda hivyo ni Bayer, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1863 kwa ajili ya kutengeneza rangi. Mnamo 1888 iliingiza sokoni dawa ya homa na maumivu iliyoitwa phenacetin, na faida yake ikawashawishi wakuu wa kampuni kuwekeza zaidi katika utafiti. Kiongozi wa mkakati huo alikuwa mkemia Carl Duisberg.

Eichengrün alijiunga na Bayer mwaka wa 1896, katika maabara iliyokuwa Elberfeld, mji ambao leo ni sehemu ya Wuppertal. Haukupita muda kabla ya kuonyesha umahiri wake. Mnamo 1897 aliiletea kampuni dawa iliyoitwa Protargol, mchanganyiko wa madini ya fedha na protini, ambayo ilitumika kutibu kisonono kwa takriban miaka hamsini hadi viuavijasumu vilipochukua nafasi yake.

Gome chungu la mwerebi

Ili kuelewa mgogoro uliofuata, ni sharti turudi nyuma kidogo. Tangu zamani za kale watu wa mataifa mbalimbali walijua kwamba gome na majani ya mti wa mwerebi huweza kupunguza homa na maumivu.

Mnamo 1763 kasisi mmoja wa Uingereza aliyeitwa Edward Stone aliliandikia Shirika la Kifalme la Sayansi mjini London barua kuhusu gome hilo. Alikuwa ameonja uchungu wake, akaulinganisha na uchungu wa gome la mkwinini lililotumika kutibu malaria, na kuhisi kwamba huenda nguvu zao zinafanana. Alilikausha, akalisaga, akawapa watu wapatao hamsini waliougua homa, na wengi wao wakapata nafuu.

Wanasayansi wa karne ya 19 walitaka kujua ni kitu gani hasa ndani ya gome kilichofanya kazi hiyo. Mnamo 1828 Johann Buchner wa Munich alifaulu kutenga kiini chake cha rangi ya manjano, akakiita salisini. Miaka kumi baadaye Raffaele Piria wa Italia alitengeneza asidi ya salisili kutokana nacho. Hermann Kolbe wa Ujerumani naye akavumbua namna ya kuitengeneza asidi hiyo kiwandani kwa bei nafuu, pasipo haja ya miti.

Katika mji wa Dundee, Scotland, daktari Thomas MacLagan aliijaribu salisini kwa wagonjwa wa homa ya baridi yabisi. Alijijaribia mwenyewe kwanza, kisha akawapa wagonjwa. Mnamo 1876 alitangaza kwamba homa yao ilikuwa imeshuka na viungo vilivyovimba vikapoa. Kufikia hapo, tabia mbili za dawa hii zilikuwa zimethibitika: kushusha homa na kupunguza uvimbe.

Hata hivyo, asidi ya salisili ilikuwa na kasoro kubwa. Ilichoma mdomo na koo, ikaumiza tumbo na kuwatapisha wagonjwa. Waliolazimika kuitumia kila siku kwa sababu ya baridi yabisi walijikuta kati ya moto na maji: waache dawa wateseke kwa viungo, au waimeze wateseke kwa tumbo.

Mkemia wa Kifaransa, Charles Gerhardt, alikuwa tayari ameunganisha asidi hiyo na kemikali ya asetili mnamo 1853. Lakini alichokipata hakikuwa safi, na hakukiendeleza. Wengine walioirudia kazi hiyo baada yake hawakuifikisha kwa wagonjwa.

Siku ya Agosti 10

Miongoni mwa wanakemia wa maabara ya Elberfeld alikuwamo kijana mtulivu aliyeitwa Felix Hoffmann. Alizaliwa mwaka wa 1868 mjini Ludwigsburg na kujiunga na Bayer mnamo 1894.

Agosti 10, 1897, Hoffmann aliandika katika daftari lake la maabara jinsi alivyotengeneza asidi ya asetilisalisili iliyokuwa safi na thabiti. Hakuna anayepinga kwamba mikono iliyoifanya kazi hiyo ilikuwa yake. Siku chache tu baadaye, mkemia huyo huyo alitumia mbinu iyo hiyo kwa mofini, akapata kemikali ambayo Bayer iliiuza kwa jina la heroini.

Mzozo unahusu wazo. Je, Hoffmann aliifanya kazi hiyo kwa hiari na fikra zake, au alitumwa?

Masimulizi yaliyoenea zaidi yanasema kwamba baba yake Hoffmann aliugua baridi yabisi na hakuweza kustahimili ladha wala madhara ya asidi ya salisili, hivyo akamwomba mwanawe amtafutie dawa iliyo bora. Ni hadithi ya kuvutia, inayomwonyesha mwana mwema akimhudumia mzazi wake.

Eichengrün aliieleza tofauti kabisa. Kwa maelezo yake, yeye ndiye aliyepanga utafiti wa kutafuta aina ya salisili isiyoumiza tumbo, na ndiye aliyemwagiza Hoffmann atengeneze kemikali hiyo, bila hata ya Hoffmann kuelezwa lengo la kazi yenyewe.

Dawa yakataliwa

Katika mpango wa Bayer, kazi ya wanakemia ilikuwa kuunda kemikali mpya. Kazi ya kuzipima na kuamua ipi ingefaa kuwa dawa ilikuwa ya kitengo kingine, kilichoongozwa na Heinrich Dreser. Pasipo idhini yake, kemikali haikuweza kupita.

Dreser alikuwa mtaalamu makini aliyeamini katika vipimo vya maabara na majaribio kwa wanyama kabla ya kumgusa binadamu, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika viwanda vya wakati huo. Lakini kuhusu asidi ya asetilisalisili, alikuwa amekwisha kufikia uamuzi.

Madaktari wa wakati huo walikuwa wakiwapa wagonjwa wa baridi yabisi dozi kubwa mno za salisili, na baadhi yao walilalamika kwamba moyo ulikwenda mbio. Imani ikazuka kwamba dawa za jamii hiyo hudhoofisha moyo. Dreser aliishikilia imani hiyo na kuiweka kemikali mpya kando.

La kustaajabisha ni kwamba katika kipindi hicho hicho Dreser aliivutiwa sana na heroini, akaisifu kuwa dawa nzuri ya kikohozi, na Bayer ikaanza kuiuza mwaka wa 1898. Dawa ambayo baadaye ingewatumbukiza watu wengi katika utumwa wa uraibu ilipita mlango uliofungiwa aspirini.

Eichengrün hakuukubali uamuzi huo. Kwa mujibu wa simulizi lake, aliamua kuimeza kemikali hiyo yeye mwenyewe na kuchunguza iwapo moyo wake ungedhurika. Haukudhurika.

Kwa viwango vya leo, mtu mmoja kujifanyia jaribio hakuthibitishi lolote kubwa. Moyo wa mtu mzima mwenye afya si moyo wa mgonjwa aliyedhoofishwa na homa ya baridi yabisi. Hata hivyo, jaribio hilo lilimpa Eichengrün ujasiri wa kupiga hatua iliyofuata, ambayo ndiyo iliyobadilisha mkondo wa mambo.

Siri ya Berlin

Bayer ilikuwa na mwakilishi wake mjini Berlin, Dkt Felix Goldmann. Eichengrün alimpelekea kiasi cha kemikali hiyo, na Goldmann akaigawa kwa siri miongoni mwa madaktari aliowafahamu ili waijaribu kwa wagonjwa wao. Haya yote yalifanyika bila ya Dreser kujulishwa.

Ripoti zilizorudi kutoka kwa madaktari hao zilikuwa za kutia moyo. Wagonjwa wa baridi yabisi walipata nafuu kama waliotumia salisili, lakini bila ya kulalamikia tumbo kwa kiwango kile kile wala kelele masikioni.

Kisha pakatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mmoja wa waliopewa dawa hiyo alikuwa daktari wa meno. Alimpa mgonjwa wake aliyekuwa na maumivu ya jino, na muda mfupi baadaye mgonjwa akaeleza kwamba maumivu yametoweka.

Hadi wakati huo watafiti walikuwa wakiwazia homa na viungo vilivyovimba. Jino la mgonjwa huyo wa Berlin liliwafungulia macho kuhusu tabia ya tatu: dawa hii ilituliza maumivu ya kawaida yenyewe, na kwa haraka. Hapo ndipo soko lake lilipopanuka kutoka kwa wagonjwa wa baridi yabisi hadi kwa kila mwenye kichwa kinachouma.

Goldmann aliandika taarifa na kuiwasilisha kwa wakuu wa kampuni. Dreser alipoletewa aliipuuza, akiichukulia kuwa majigambo ya kawaida ya watu wa Berlin, na kusisitiza kwamba kemikali hiyo haikuwa na thamani.

Duisberg hakuridhika na jibu hilo. Aliamuru majaribio mapya yafanywe, na matokeo yakaithibitisha dawa. Mwaka wa 1899 madaktari Kurt Witthauer na Julius Wohlgemuth walichapisha ripoti za majaribio yao kwa wagonjwa, zote zikiisifu.

Jina jipya na mgao wa faida

Jina aspirini lilitungwa kwa kuunganisha herufi a ya asetili na sehemu ya jina la Kijerumani la asidi ya salisili, lililotokana na mmea uitwao spirea, kisha ikaongezwa tamati iliyopendwa na watengenezaji dawa wa enzi hizo. Machi 6, 1899, jina hilo lilisajiliwa rasmi Berlin kuwa alama ya biashara ya Bayer.

Mwaka uo huo Dreser, aliyekuwa ameikataa dawa, alichapisha makala ya kisayansi akiieleza faida yake. Katika makala hayo hakumtaja Hoffmann wala Eichengrün.

Mambo ya fedha nayo yalikwenda kombo. Wanakemia wa Bayer walilipwa mrabaha kwa uvumbuzi uliopata hataza. Kwa kuwa kemikali yenyewe ilikuwa imekwisha kutengenezwa na Gerhardt na wengine, haikupata hataza nchini Ujerumani, na kwa hivyo Hoffmann na Eichengrün hawakupata mgao. Dreser naye alikuwa na mkataba uliompa sehemu ya mapato ya dawa zilizopita katika kitengo chake. Ndivyo mlinda lango aliyeifungia aspirini nje alivyokuja kutajirika kutokana nayo.

Nchini Marekani hali ilikuwa tofauti. Februari 27, 1900, hataza ilitolewa huko, na jina la mvumbuzi lililoandikwa lilikuwa la Felix Hoffmann. Hati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa silaha kubwa ya wanaomtetea Hoffmann.

Aspirini ilienea duniani kwa kasi. Mwanzoni iliuzwa ikiwa unga, kisha ikawa tembe. Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliipokonya Bayer haki ya kulimiliki jina hilo katika mataifa kadhaa yaliyoshinda, likawa jina la kawaida la dawa.

Plastiki na ndege za kivita

Eichengrün hakubaki akililia aspirini. Pamoja na mwenzake Theodor Becker, alivumbua aina ya asetati ya selulosi iliyoweza kuyeyushwa na kufinyangwa. Ilitumika kutengeneza filamu za picha zisizoshika moto kwa urahisi, tofauti na filamu za seluloidi ambazo ziliwahi kuteketeza majumba ya sinema.

Mnamo 1908 aliondoka Bayer na kuanzisha kampuni yake mwenyewe mjini Berlin, Cellon-Werke. Wakati wa vita, vanishi zake zilipakwa kwenye vitambaa vilivyofunika mabawa ya ndege ili vikazike na visishike moto upesi. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa teknolojia ya kutengeneza vifaa vya plastiki kwa kuisukuma ikiwa laini ndani ya kalibu, mbinu ambayo leo hutumika kutengenezea ndoo, vikombe na vifuniko vya kila aina.

Kwa jumla alipata hataza 47. Alikuwa tajiri, mwenye heshima, na hakuwa na sababu ya kugombea sifa za tembe aliyoiacha nyuma.

Utawala wa Wanazi

Mambo yaligeuka mnamo 1933 Adolf Hitler alipotwaa mamlaka. Wayahudi walianza kufukuzwa kazini, kususiwa kibiashara na kunyimwa haki za uraia. Eichengrün alilazimika kumwingiza katika kampuni yake mshirika asiye Myahudi ili aweze kuendelea na biashara na serikali. Mwaka wa 1938 alilazimika kuiachilia kabisa.

Ni katika kipindi hicho, mnamo 1934, ambapo historia ya kemia iliyoandikwa na Albrecht Schmidt ilichapishwa Ujerumani. Humo ndimo ilimojitokeza, katika tanbihi, hadithi ya Hoffmann na baba yake mgonjwa. Ilikuwa imepita miaka 37 tangu kazi yenyewe kufanyika. Myahudi aliyekuwa katika maabara ile hakutajwa katika simulizi hilo.

Kwa muda, Eichengrün alinusurika kupelekwa kambini kwa kuwa mkewe hakuwa Myahudi. Lakini kinga hiyo ilikuwa nyembamba. Sheria ya 1938 iliwalazimisha wanaume wa Kiyahudi kuongeza jina Israel kwenye majina yao ili watambulike. Mnamo 1943 alikamatwa na kufungwa miezi minne kwa kosa la kutoliandika jina hilo katika barua aliyomwandikia ofisa wa serikali.

Mei 1944 alikamatwa tena. Safari hii alipelekwa Theresienstadt, mji wa ngome katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech, uliokuwa umegeuzwa kuwa kambi ya Wayahudi. Zaidi ya watu 30,000 walifariki humo kwa njaa, magonjwa na mateso, na makumi ya maelfu wengine wakasafirishwa kutoka hapo hadi kambi za mauaji.

Eichengrün alikuwa na umri wa miaka 76 alipoingia katika kambi hiyo. Akiwa humo aliandika barua akieleza mchango wake kwa kampuni aliyoitumikia zamani, ikiwa ni pamoja na aspirini, akitumaini kwamba ingemwombea aachiliwe. Hakuachiliwa. Alibaki kambini hadi jeshi la Kisovieti lilipowakomboa wafungwa Mei 1945.

Neno la mwisho

Baada ya vita alirudi Berlin, na mnamo 1948 akahamia Bad Wiessee, mji mdogo kusini mwa Ujerumani. Hoffmann alikuwa ameaga dunia mnamo Februari 1946 nchini Uswisi, na Dreser alikuwa amefariki tangu 1924. Kati ya watatu hao, ni yeye tu aliyebaki.

Mwaka wa 1949, aspirini ilipotimiza miaka 50 tangu kuingia sokoni, Eichengrün alichapisha makala katika jarida la kisayansi la Die Pharmazie. Humo alieleza kwa utaratibu jinsi utafiti ulivyopangwa, jinsi Dreser alivyoikataa dawa, jinsi alivyojijaribia mwenyewe, na jinsi Goldmann alivyowafikia madaktari wa Berlin.

Alifariki Desemba 23 mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 82. Makala yake hayakuitikisa dunia. Vitabu viliendelea kusimulia hadithi ya mwana mwema na baba yake.

Ilichukua nusu karne kabla ya dai lake kuchunguzwa kwa kina. Mnamo 1999 Walter Sneader, mtaalamu wa historia ya dawa katika Chuo Kikuu cha Strathclyde mjini Glasgow, alitangaza kwamba alikuwa amepitia kumbukumbu za maabara na hati nyinginezo, na kwamba maelezo ya Eichengrün yanaaminika. Mwaka uliofuata alichapisha hoja zake katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ.

Bayer ilipinga. Ilisema kwamba Hoffmann na Eichengrün walikuwa na vyeo sawa, hivyo mmoja hangeweza kumwagiza mwenzake, na kwamba jina lililo kwenye hataza ya Marekani ni la Hoffmann pekee. Aidha, wapo wanaouliza ni kwa nini Eichengrün alikaa kimya miaka mingi.

Wanaomtetea hujibu kwamba kabla ya 1934 hakukuwa na simulizi lililomlazimu kujitetea, na baada ya hapo Myahudi hakuwa na jukwaa la kujitetea katika nchi ya Wanazi. Mashahidi wote wamekwishafariki, na mjadala huo haujafungwa rasmi.

Kazi ya tembe yafafanuliwa

Jambo moja ambalo hakuna yeyote kati ya wanakemia wa Elberfeld aliyelijua ni jinsi dawa yao ilivyofanya kazi mwilini. Jibu lilipatikana mwaka wa 1971, pale Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe, homa na hisia za maumivu. Kwa kazi hiyo alishirikishwa katika Tuzo ya Nobel ya 1982.

Ugunduzi huo ulieleza kwa pamoja mambo matatu yaliyokuwa yameonekana mbalimbali: viungo vilivyopoa Dundee, homa zilizoshuka, na jino lililotulia Berlin. Ulieleza pia ni kwa nini tumbo huumia, kwani prostaglandini hizo hizo husaidia kuukinga ukuta wa tumbo.

Zaidi ya hayo, aspirini huzizuia chembe za damu kushikamana. Kwa sababu hiyo, dawa ambayo Dreser aliiogopa kwa ajili ya moyo hutolewa na madaktari kwa dozi ndogo kwa watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ili wasipatwe tena.

Tabia hiyo ya kuzuia damu kuganda ndiyo pia sababu ya tahadhari. Shirika la Afya Duniani huonya dhidi ya kuitumia mtu anaposhukiwa kuwa na homa ya dengue, maradhi ambayo yamewahi kuzuka mara kadhaa Mombasa na sehemu nyingine za Pwani ya Kenya, kwani huongeza hatari ya kutokwa na damu. Watoto wenye homa hawapaswi kupewa bila ya ushauri wa daktari, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa adimu na hatari unaoshambulia ubongo na ini.

Leo hii kemikali inayotarajiwa kuwa dawa hupitia maabara, wanyama, kisha hatua kadhaa za majaribio kwa binadamu waliotoa idhini yao. Njia aliyoitumia Eichengrün, ya kujimezea mwenyewe na kuwagawia madaktari kisirisiri, isingeruhusiwa. Lakini mfumo wa wakati wake ulikuwa na mlango mmoja na mlinzi mmoja, na mlinzi huyo alikosea.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hoffmann ana haki yake, kwani mikono yake ndiyo iliyoitengeneza kemikali ikiwa safi. Duisberg ana haki yake, kwani alisikiliza. Hata Dreser ana haki yake ya kudai vipimo kabla ya mauzo. Eichengrün naye alidai sehemu yake akiwa kambini, akaidai tena akiwa huru, na akaaga dunia kabla ya kusikia jibu.

Mjini Munich, tangazo lililowafungia Wayahudi mlango liling'olewa pamoja na utawala uliolibandika. Jina lililoachwa nje ya kabati la kioo ndilo lililochukua muda mrefu zaidi kurudi.